Hatua ya Tisa Inamsubiri Nani?

Vipande vya karatasi vilikuwa kumi na viwili, na kila feni ilipogeuza shingo upande wao, viwili vitatu viliruka. Inspekta alivikandamiza kwa chochote alichokiona karibu: simu yake, funguo za gari, kikombe, pingu.

Pingu zilikuwa zimetoka mikononi mwa fundi dakika kumi tu zilizopita. Fundi huyo, ambaye hospitali nzima ilimwita Waya, alikaa ng'ambo ya meza ya mikutano akijisugua vifundo vya mikono. Hii ilikuwa siku yake ya sita mahabusu, na shati lilikuwa lile lile alilokamatwa nalo.

"Zima hiyo feni," Inspekta alimwambia Koplo aliyesimama mlangoni.

"Tutakufa kwa joto, afande."

"Tufe, lakini karatasi zibaki zilivyopangwa."

Koplo akazima. Inspekta, mwanamke wa miaka hamsini na ushei mwenye miwani iliyofungwa uzi, akavuta kiti.

Shauri lenyewe lilielezeka kwa maneno machache. Jumatatu, saa tano na dakika kumi asubuhi, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikufa katika wodi ya wanawake, dripu ikiwa mkononi. Dripu ilikuwa na potasiamu, chumvi ambayo ikizidi mwilini husimamisha moyo. Mama wa maabara aliapa kwamba damu ya mgonjwa tayari ilikuwa na potasiamu iliyopita kiasi, na kwamba aliyatuma matokeo kwenye kompyuta saa tatu na dakika hamsini na mbili. Daktari wa zamu alisema hakuyapata. Kompyuta nayo ilisema hayakuwahi kuwepo. Matokeo ya wagonjwa thelathini na mmoja, yote ya asubuhi ile, yalikuwa yametoweka, na aliyekuwa akijenga upya seva ya matokeo asubuhi hiyo hiyo alikuwa Waya. Mama wa maabara alikuwa na daftari lake la mkono, ila wakili wa hospitali alishasema kwamba daftari huandikwa saa yoyote.

"Anza tena," Inspekta alisema. "Hatua ya kwanza."

"Afande, tumeshasoma mara tatu."

"Na mara zote tatu sijaelewa. Mjinga hapa ni mimi. Nifundishe."

Waya alipumua. "Zamani seva tuliijenga kwa mkono. Unakaa, unaweka kitu kimoja kimoja. Siku hizi tunaandika maagizo mara moja, mtambo unayafuata wenyewe. Hatua kumi na mbili, ndizo hizo hapo."

"Kwa kufuata namba."

"Hapana. Namba ni zetu sisi binadamu, tusipotee. Mtambo hauzijali. Unachoangalia ni nani anamsubiri nani. Huwezi kupaka rangi ukuta haujasimama. Basi kwenye rangi unaandika: subiri ukuta. Hatua isiyo na wa kumsubiri inaondoka pale pale, hata kumi kwa mpigo."

"Kwa hiyo kama kuna kosa, liko kwenye kusubiri."

"Lakini mstari upo!" Waya alikigonga kipande cha tisa kwa kidole. "Hatua ya tisa: washa programu ya matokeo. Chini yake: subiri diski-ya-matokeo. Programu haiwaki mpaka ile diski kubwa, yenye matokeo ya wagonjwa wote, iwe imeunganishwa. Niliuandika mwenyewe mwaka juzi. Mkuu wangu anasema niliufuta ili nifiche jambo. Haya, umefutwa wapi? Si unausoma?"

Inspekta alitoa karatasi nyingine kwenye faili, akaitelezesha mezani.

"Jumatatu, saa nne na dakika ishirini, ulikuwa wapi?"

"Nilishasema. Nakunywa chai."

"Hizi ni amri zilizopigwa kwa mkono kwenye ile seva siku ile. Iko moja tu. Saa nne na dakika ishirini. Jina ni lako."

Waya aliitazama karatasi.

"Chai ilikuwa tamu?" Koplo aliuliza kutoka mlangoni.

"Niliiunganisha diski," Waya alisema. "Kwa mkono. Basi."

"Kwa nini?"

"Wodi zilikuwa zinapiga simu tangu saa tatu na nusu. Historia hazionekani, matokeo ya jana hayaonekani, ya juzi hayaonekani. Kwenda kuangalia, nakuta hatua ya sita imekata tamaa. Umeme ulikatika alfajiri, diski ikawa inajikagua, na ukaguzi ule ni zaidi ya saa nzima. Mtambo umesubiri weee, umechoka, ukaiacha bila kuandika kosa. Ukaguzi ulipoisha nikaiunganisha mwenyewe. Historia zikarudi. Wodini wakanishukuru."

"Mbona ulidanganya?"

"Kugusa seva kwa mkono saa za kazi ni kufukuzwa. Mkuu amebandika tangazo ukutani, herufi nyekundu. Halafu nikasikia mama wa watu amekufa. Nikaona nikitamka kwamba niliigusa, nimekwisha."

"Ukaona uongo utakusaidia."

Waya aliinamisha kichwa.

Inspekta alichukua kalamu ya wino mzito. Kwenye kila kipande alitafuta neno *subiri*, akalisoma, kisha akachora mshale mezani kwenda kwenye kipande kilichotajwa. Meza ilikuwa mali ya hospitali. Hatua ya pili ilisubiri ya kwanza. Ya tano ilisubiri ya pili na ya nne. Ya nane ilisubiri ya tano. Nje, toroli la dawa lilipita likilia gurudumu moja, likasimama, likaendelea.

Kwenye cha tisa kalamu ilibaki hewani.

"Hii inasubiri diski-ya-matokeo. Nionyeshe kipande chenye jina hilo."

"Hiki." Waya aliweka kiganja juu ya hatua ya sita.

"Kisome."

"Unganisha hifadhi-ku..." Alikiinua karibu na macho. "Hifadhi-kuu."

"Hifadhi-kuu ndiyo diski-ya-matokeo?"

"Ndiyo. Ni kitu kile kile, lakini..."

"Lakini hakiitwi hivyo."

"Mimi sikukiita hivyo! Afande, mimi niliita diski-ya-matokeo, kote kuwili."

"Mtambo ukiambiwa umsubiri mtu asiyekuwepo, unafanya nini?"

Waya alifikiri, macho yakikimbia kutoka kipande hadi kipande. "Kwa aina hii ya kusubiri, haumsubiri. Ukiona hayupo kwenye orodha, unaendelea na safari."

"Bila kupiga kelele?"

"Bila hata kukohoa."

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu, Koplo akaruka pembeni. Mkuu wa kitengo cha kompyuta aliingia, bwana mfupi mwenye kalamu nne mfukoni na simu sikioni. Alipomwona Waya bila pingu alikata simu.

"Samahani, Inspekta. Nilidhani mmemaliza. Chumba hiki nitakihitaji saa saba."

"Saa saba kuna nini?"

"Tunaijenga upya ile seva, kutoka sifuri. Imetutia aibu vya kutosha. Nimeshaipanga, itaanza yenyewe ikifika saa."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika kumi na nane.

"Mzee wangu, njoo unisaidie kitu kidogo. Hili jina, hifadhi-kuu, ni nani aliliweka?"

"Hilo? Mimi." Mkuu alitabasamu kidogo. "Majina yalikuwa ovyo ovyo, kila fundi anaita anavyojisikia. Mwezi uliopita nilikaa nikayanyoosha yote."

"Yote?"

"Yote kabisa."

"Na hapa?"

Mkuu aliinama juu ya hatua ya tisa. Alisoma. Alifuata kwa kidole mshale usiokwenda popote. Alisoma tena, midomo ikicheza bila sauti, kisha akavua miwani na kuanza kuifuta kwa tai yake.

"Mtambo ulisema umekamilika," alisema. "Hakuna kosa hata moja lililotokea. Nina ripoti."

"Na tangu ubadilishe majina, seva ilikuwa imejengwa upya mara ngapi kabla ya Jumatatu?"

"Jumatatu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza."

Waya alikuwa amesimama. Hakuna aliyemruhusu na hakuna aliyemzuia. "Kwa hiyo saa tatu na dakika tano programu ikawaka, diski haipo. Maabara wanatuma matokeo. Programu inayaandika. Inayaandika wapi?" Alijishika kichwa. "Folda! Afande, folda ipo hata diski isipokuwepo. Ni folda tupu, kwenye diski ndogo ya seva yenyewe."

"Polepole. Mimi ni mjinga, kumbuka."

Waya alinyakua karatasi tupu, akaandika 31, akaiweka mezani. Kisha akachukua faili la Inspekta na kulilaza juu yake. "Diski kubwa ikiunganishwa, inatandikwa juu ya folda kama mkeka. Kilichokuwa sakafuni hakifutiki, ila hakionekani. Jumatatu saa nne na dakika ishirini mimi ndiye niliyetandika huo mkeka. Historia zote zikaonekana juu, na yale ya asubuhi yakabaki chini."

"Yako chini mpaka sasa?"

"Yatakwenda wapi?"

"Na mkiijenga kutoka sifuri?"

Waya alimtazama Mkuu. "Hapo unaosha sakafu."

Inspekta alikuwa ameshafika mlangoni.

Chumba cha seva kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido iliyojaa vitanda vibovu. Walishuka ngazi wanne, Koplo akiwa amemshika Waya mkono kama bibi harusi. Ndani kulikuwa na baridi na mvumo usiokatika. Mkuu alikaa mbele ya skrini, akapiga neno la siri. Likakataliwa. Akapiga tena. Likakataliwa.

"Ukikosea mara ya tatu itakufungia nusu saa," Waya alisema.

"Najua! Sheria hiyo niliiweka mimi!"

"Mzee," Inspekta alisema, "pumua kwanza. Tuna dakika sita."

Mkuu alikunja vidole, akavikunjua, akapiga herufi moja baada ya nyingine akizitaja kimoyomoyo. Skrini ikafunguka. Akautafuta mpango wa saa saba, akaufuta, akaegemea kiti. Kwapani shati lilikuwa limelowa, baridi ile yote.

"Sasa sikilizeni," Inspekta alisema. "Waya hagusi kitu, anasema tu. Wewe Mkuu unapiga anachosema. Koplo, washa kamera ya simu, taja tarehe na saa, onyesha nyuso zetu, kisha usiondoe macho kwenye vidole vyake. Kwanza tunanakili diski ndogo yote. Hatuinui mkeka kabla hatujapata nakala."

Hivyo basi Mkuu, aliyeandika barua ya kumshtaki Waya, alikaa akitii maneno ya Waya huyo huyo. "Nafasi," Waya alikuwa akisema. "Mkwaju, ule mstari wa mshazari. Hapana, unaoegemea kulia. Ndiyo." Kunakili kulihitaji dakika tisa. Mkuu alizihesabu kwa goti lililokuwa likirukaruka chini ya meza.

Inspekta hakukaa. Alizunguka makabati ya seva, akarudi, akafungua faili lake akiwa wima. Maelezo ya daktari wa zamu yalikuwa kurasa mbili, mwandiko mzuri kwa daktari. Aliyasoma mpaka katikati ya ukurasa wa kwanza, akarudi juu, akayasoma tena.

"Waya. Jumatatu, saa nne kasoro dakika mbili. Mtu wa wodini akifungua kompyuta, anaweza kuona matokeo ya mgonjwa ya jana yake?"

"Haiwezekani. Si ndizo simu zote zile?"

"Hata moja?"

"Hata moja. Ya jana yote yalikuwa kwenye diski kubwa, na diski ilikuwa haijaunganishwa."

"Basi angeona nini?"

"Angeona ya asubuhi ile tu. Kama yapo."

Inspekta alilifunga faili.

Nakala ilipokamilika, Waya alitaja amri ya mwisho na Mkuu akaipiga. Diski kubwa ikaachia. Folda ile ile, iliyokuwa imejaa maelfu ya majina, ikabaki na orodha fupi iliyoenea kwenye skrini moja. Mkuu alihesabu kwa kidole kwenye kioo.

"Thelathini na moja," alisema.

Waya alikaa sakafuni.

"Ya mwalimu," Inspekta alisema.

Mkuu akayafungua. Potasiamu, sita nukta tisa. Yametumwa saa tatu na dakika hamsini na mbili, kama mama wa maabara alivyoapa. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja zaidi, na Inspekta aliinama akausoma mwenyewe bila kumruhusu Mkuu autamke. Aliagiza uchapishwe. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Nimpeleke wapi huyu?" Koplo aliuliza, akimwonyesha Waya.

"Kituoni. Aandike upya maelezo yake, safari hii bila chai. Halafu anakwenda kwao. Na mpe simu yako ampigie mkewe."

"Vocha ni yangu, afande."

"Utaidai serikali. Kisha rudi hapa."

Wodi ya wanawake ilikuwa ghorofa ya pili. Nje yake, kwenye benchi la mbao, alikaa kaka wa marehemu, mchomeleaji mwenye makovu madogo madogo ya cheche kuanzia kiwiko hadi vidole. Tangu Jumanne alikuja kila siku kufuatilia cheti, na kila siku aliambiwa arudi kesho. Alisimama alipomwona Inspekta.

"Shikamoo, mama. Kuna lolote?"

"Marahaba, mwanangu. Nipe muda kidogo tu."

"Mimi nipo. Wakinichosha, yule daktari aliyemtibu dada hutoka akakaa na mimi. Mungu ambariki. Hapa hospitalini ni yeye peke yake anayenitazama usoni."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akaingia.

Daktari alikuwa katika kijichumba cha mwisho wa wodi, akijaza fomu. Alikuwa kijana bado, ndevu za siku mbili, macho mekundu. Inspekta alifunga mlango, akaweka kurasa mbili mbele yake.

"Nisomee hapo nilipopigia mstari."

"Ni maelezo yangu mwenyewe."

"Nisomee."

"Mnamo saa nne kasoro nilifungua kompyuta ya wodini, nikaona matokeo ya jana yake tu, potasiamu ikiwa chini. Kwa hiyo sikuisimamisha dripu niliyoiandika kwenye raundi ya asubuhi."

"Matokeo ya jana uliyaona kwenye skrini."

"Ndiyo."

"Kwa macho yako."

"Nimeshaandika hivyo."

"Daktari, saa hiyo matokeo ya jana hayakuonekana hospitali nzima. Wodi yako hii hii ilipiga simu mara mbili kulalamika."

Daktari aliiweka kalamu mezani, akainyoosha ilingane na ukingo wa fomu.

"Labda nilichanganya saa."

"Labda." Inspekta alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaigeuza imwelekee. "Haya ndiyo yaliyokuwepo. Soma mstari wa mwisho. Yamefunguliwa saa tatu na dakika hamsini na nane. Jina la aliyeyafungua ni la nani?"

Ng'ambo ya ukuta mgonjwa alikohoa, muuguzi akamjibu kitu. Daktari alisoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Nilijua yapo," alisema mwishowe. "Siku zote hizi nilijua niliyaona."

"Nieleze."

"Sita nukta tisa. Nilishtuka. Nikainuka niende nikaifute dripu kabla hawajaifunga. Simu ikalia. Wodi ya wazazi, mama anatoka damu, daktari wao hayupo. Nikakimbia. Nikasema nikitoka huko." Alijifuta mdomo. "Nilitoka saa tano na robo. Nikakuta wanamfunika."

"Ukafungua kompyuta."

"Nikafungua, hakuna kitu. Ya jana yapo, ya leo hayapo. Nikajiambia labda niliota. Labda nilimsoma mgonjwa mwingine. Jioni wakasema fundi amekamatwa, matokeo yamefutwa. Kila mtu akaja kunipa pole. Nikaandika hayo uliyonayo."

"Na yule mzazi?"

"Yu hai. Na mtoto yu hai."

Inspekta akavuta karatasi tupu, akaandika tarehe juu yake.

"Kumwagiza muuguzi asiifunge ile dripu kungechukua dakika moja, daktari, ingawa hakuna mtu mwenye akili atakayekufunga kwa kukimbilia mzazi. Lakini fundi amelala sakafuni mahabusu siku tano, na wewe ulikuwa unatembea huru."

"Najua."

"Tunaandika upya. Polepole, kila jambo na saa yake. Kila ukurasa utatia sahihi."

Waliandika karibu saa nzima. Koplo alirudi, akachungulia, akabaki nje. Daktari alipotia sahihi ya mwisho, hakuirudisha kalamu mezani.

"Kaka yake yuko kwenye benchi," alisema. "Naomba nimwambie mimi. Kabla hamjanichukua."

Inspekta alizikusanya kurasa, akazihesabu, akazitia kwenye faili.

"Nitakuwa nyuma yako," alisema.

Mchomeleaji aliwaona wakitoka. Aliona koti jeupe halikufungwa vifungo. Akasogea upande, akapangusa benchi kwa kiganja.

"Daktari, mbona umechoka hivyo? Njoo ukae kwanza, ndugu yangu."

Daktari hakukaa.

"Matokeo ya dada yako," alisema, "niliyaona."